Juma Kuu, kutoka Morogoro hadi Mkunazini

Jumapili ya Mitende, 24 Machi 2024. Morogoro

Ninaanza kuandika daftari hili usiku huu kwa sababu mama mkwe wangu ameniagiza niandike. Aliwasili jana jioni kutoka Muheza akiwa na mkoba mmoja wa nguo na kapu la nazi, na baada ya kuitikia shikamoo yangu na kuuliza habari za wajukuu, alinieleza neno alilokuwa amelibeba njia nzima. "Baba," alisema, "marehemu alitamani kupaona Mkunazini, kanisani kule Unguja, na hakujaliwa. Twende sisi." Sikuwa na jibu la haraka. Kwa desturi zetu mtu na mama mkwe wake hawafuatani safari hivi hivi, na katika miaka kumi na tisa ya ndoa yangu sikuwahi kukaa naye peke yetu kwa muda unaozidi ule wa kumaliza kikombe cha chai. Lakini yeye amefiwa na binti na mimi nimefiwa na mke, na wafu hao wawili ni mtu mmoja. Nadhani hilo ndilo lililompa ujasiri wa kuiweka desturi kando kwa juma moja.

Mke wangu alifariki Januari 2023, baada ya kuugua saratani ya shingo ya kizazi kwa karibu miaka miwili. Tuliuza kiwanja, tukauza pikipiki, tukakopa, na mwisho wa yote tukazika. Mambo ya fedha yanasimulika. Lililo gumu kulisimulia ni kwamba baada ya arobaini niliendelea kwenda kanisani kila Jumapili kama mtu anayelipa deni, nikikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na sikuimba tena. Nilikuwa nimeimba sauti ya nne katika kwaya ya mtaa wetu kwa miaka kumi na minane, naye alikuwa sauti ya kwanza. Watu walinifariji kwa maneno ya Ayubu, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, nao walisema kwa upendo. Ila waliyasema mapema mno, kabla udongo haujakauka, na Ayubu mwenyewe baada ya kuyatamka maneno hayo aliilaani siku aliyozaliwa, akalalamika sura nyingi mfululizo ambazo hakuna aliyekuja kunisomea.

Leo asubuhi tumeandamana na makuti mikononi kuzunguka kanisa. Mama alikuwa mbele pamoja na akina mama wenzake, akipeperusha kuti lake. Mimi nililishika langu kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake, na neno "Hosana" halikunitoka.

Jumatatu, 25 Machi. Morogoro, Chalinze, Msata, Bagamoyo

Tumeondoka alfajiri kwa basi, mvua za masika zikiwa zimeanza kukaza. Nilimtafutia mama siti ya mbele, nami nikaketi safu tatu nyuma yake, kama inavyompasa mkwe. Hatukuzungumza hadi Chalinze, ambako tulishuka, tukanunua mahindi ya kuchoma, kisha tukapanda kosta ya kwenda Msata. Barabara hiyo ya Tanga yeye anaijua kuliko mimi, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kuja kutuona, na ndiyo aliyoipita usiku kucha siku tuliyompigia simu kwamba aje upesi. Tulipokaribia Msata aligeuka, akanionyesha mti mmoja kando ya barabara na kusema kwamba hapo ndipo alipokuwa alipopigiwa simu ya pili. Simu hiyo ya pili niliipiga mimi. Miezi kumi na minne nilikuwa nikiikumbuka kama simu iliyotoka chumbani kwangu, wala sikuwahi kuwaza kwamba iliingia mahali fulani pia, ndani ya basi, gizani, katika sikio la mama mzee aliyezungukwa na abiria waliolala.

Kutoka Msata hadi Bagamoyo ni kama kilomita 64 za lami. Kosta ilijaa, siti zilizobaki zikawa mbili za pamoja, na mama akaniambia niketi. Huko Makurunge tulivuka mto Ruvu uliokuwa umefurika hadi kwenye matete, maji yake mazito na mekundu, na mama akaanza kusali kwa sauti ndogo. Nilishangaa kujikuta ninaitikia.

Usiku huu mvua imekatika. Kutoka baraza ya nyumba ya wageni tumeuona mwezi mpevu ukitoka baharini. Mlinzi wa hapa, ambaye amefunga, alituambia kwamba leo ni mwezi kumi na nne wa Ramadhani, nami nikakumbuka kwamba Pasaka nayo huhesabiwa kwa mwezi mpevu huu huu, ikiangukia Jumapili inayoufuata.

Jumanne, 26 Machi. Bagamoyo

Siku nzima tumeimaliza katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao walifika hapa mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Sisi ni Waanglikana na mahali hapa ni pa Wakatoliki, lakini huzuni haiulizi dhehebu, na tulipokelewa vizuri. Tulipita kati ya miembe mikubwa inayoongoza njia, tukafika kwenye mnara, ambao ndio uliosalia wa kanisa lao la kwanza la mwaka 1872.

Humo, tarehe 24 Februari 1874, uliwekwa mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Habari hii kila mwanafunzi wa Tanzania ameisikia darasani, lakini mara nyingi husimuliwa kana kwamba marehemu alijibeba mwenyewe. Waliombeba ni Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao wengi, wake kwa waume. Alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, hapakuwa na mtu wa kuwaamuru lolote. Wangeweza kumzika palepale na kila mtu akashika njia yake. Badala yake walimtoa moyo wakauzika chini ya mti, Wainwright akasoma sala za maziko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na turubai, wakaanza kutembea. Walitembea miezi mingi, zaidi ya kilomita 1,500, na baadhi yao walifia njiani. Mwili ulipofikishwa London na kuzikwa, Susi na Chuma hawakuwapo. Waliitwa Uingereza baadaye, kila kitu kikiwa kimekwisha.

Mama alisikiliza maelezo hayo akiwa ameketi kwenye ngazi, mkoba wake mapajani. Kisha akauliza, "Kwa hiyo moyo waliuacha kule?" Nikamjibu kwamba ndiyo. "Na wao wakaendelea kutembea?" Nikasema ndiyo, mama. Akatikisa kichwa polepole, akanyamaza kwa muda mrefu. Mimi nami nilikuwa nikiwaza kwamba yawezekana kabisa mtu akauzika moyo wake mahali fulani na bado akaamka asubuhi kuubeba mzigo uliobaki, na kwamba hata hilo ni utii, ingawa machoni pa watu linaonekana kama kutembea tu.

Karibu na kanisa jipya uko mbuyu ambao wamisionari waliupanda mwaka uleule wa 1868. Sasa ni mnene kupita chumba changu cha kulala. Ndani ya shina lake umezama mnyororo wa chuma. Wageni wengi hudhani ni wa watumwa, lakini husimuliwa kwamba ulifungwa pale kwa ajili ya punda wa mama mmoja wa Kifaransa aliyefanya kazi misheni, ukasahaulika, na mti ukaendelea kukua. Pete chache tu ndizo zinazoonekana, zenye kutu nyekundu, na gome limevimba juu na chini yake mpaka huwezi kupenyeza hata ukucha. Mama aliupitisha mkono pale chuma kinapoingia mtini. Ana vidole vilivyokakamaa kwa jembe, na alipapasa sehemu ile kama anavyopapasa tumbo la mtoto mwenye homa. "Haukuutema," alisema. "Umekua nao."

Tulimalizia makaburini. Wamisionari wengi waliolala pale walikuwa vijana, homa iliwamaliza kabla hawajazoea chakula cha pwani. Misalaba yao imepangwa safu kwa safu, mirefu kwa mifupi, na mama aliwaombea wote kwa jumla.

Jumatano, 27 Machi. Dar es Salaam

Ya leo si mengi. Tumekuja kwa daladala kupitia Bunju, tukalala kwa ndugu yetu Tegeta, na mvua imenyesha mchana kutwa. Binti yangu alipiga simu kutoka chuoni kuuliza kama bibi yake anakula vizuri.

Alhamisi Kuu, 28 Machi. Unguja

Boti imetumia kama saa mbili. Mama, aliyezaliwa na kukulia mahali ambapo bahari si mbali, hakuwahi kuivuka hata siku moja, akashika ukingo wa siti kwa mikono yote miwili hadi tulipoviona visiwa vidogo vya mbele ya mji. Bandarini palikuwa na watu wengi lakini pametulia kwa namna ya Ramadhani: hakuna anayekula wala kunywa hadharani, na mama ntilie wote wamefunga shughuli. Tulitembea taratibu kupita Darajani, tukaingia vichochoro, na mbele yetu kukatokea mnara wa kanisa.

Mwenye nyumba tuliyofikia, mama wa Kiunguja wa makamo, alimpokea mama mkoba, akasema, "Karibu bi mkubwa, nyumba ni yako," akataka kututengenezea chakula cha mchana ingawa yeye amefunga. Mama alikataa kwa adabu, akaeleza kwamba nasi tumo katika mfungo wetu. Wale kina mama wawili wakatazamana kwa heshima, na tangu hapo wamekuwa marafiki.

Jioni tumehudhuria ibada ya Alhamisi Kuu kanisani. Nilikwenda kwenye benchi la nyuma, kama kawaida yangu. Kabla ya kutawadhwa miguu mzee mmoja wa kanisa alikuwa akihesabu watu waliopangwa kuketi mbele. Walitakiwa kumi na wawili, naye akapata kumi na mmoja, kwa kuwa mmoja hakufika. Akatazama huku na huku, akaja moja kwa moja nyuma kabisa, akaniinamia: "Mgeni, tusaidie." Mtu hawezi kukataa ombi kama hilo.

Sina budi kulieleza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katika miezi ya mwisho miguu ya mke wangu ilivimba, na kila jioni niliiosha. Nilikuwa ninapima joto la maji kwa kiwiko, nikimwagia kidogo kidogo, kisha ninaikausha kwa kuigusisha taulo tu bila kusugua, hasa kati ya vidole, kwa maana ngozi ilikuwa imeanza kupasuka. Hakuna muuguzi aliyenifundisha. Aliona aibu mwanzoni, akasema mume haoshi miguu ya mke. Baadaye akazoea, akawa ananisimulia mambo ya utotoni mwake wakati ninaosha. Nadhani hizo ndizo sala za mwisho nilizosali kwa moyo wote, ingawa hazikuwa na maneno. Siku alipofariki mikono yangu ilikosa kazi ya jioni, na haikuwahi kupata nyingine.

Leo nilivua viatu nikaketi kwenye kiti cha kumi na mbili. Kasisi alikuwa mtu mzima, akipiga magoti kwa shida mbele ya kila mmoja na kuinuka kwa kushika kiti. Aliponifikia, akaushika mguu wangu wa kulia juu ya beseni, akamimina maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa maji ya baridi. Yalikuwa ya uvuguvugu. Mtu fulani, ambaye simjui na wala sitamjua, alikuwa amekumbuka kuyapasha. Nilianza kulia hapo hapo, na sikujificha. Kasisi hakuharakisha. Aliukausha mguu kwa kuugusisha taulo.

Usiku huu ninamwelewa Petro, aliyesema hataoshwa miguu kamwe. Sisi tulioshika beseni kwa muda mrefu tunapenda kubaki upande huo wa beseni, kwa sababu upande wa pili unataka ukiri kwamba nawe umechoka na umechafuka na huwezi kujifikia. Nilimkasirikia Mungu kwamba aliniachia kazi ile niifanye peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyeanza kuinamia miguu ya watu ni yeye.

Baada ya ibada walivua vitambaa vya madhabahu, wakaondoa mishumaa na kila pambo, madhabahu ikabaki jiwe tupu.

Ijumaa Kuu, 29 Machi. Mkunazini

Mahali lilipo kanisa hili palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, yuleyule aliyeitumikia sana lugha ya Kiswahili, na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Mlangoni ziko nguzo ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha juu chini, chini juu, wakati askofu yuko safarini, naye aliporudi akaamua zibaki vilevile.

Mbele ya madhabahu, sakafuni, kuna duara la marumaru jeupe lililozungushiwa rangi nyekundu. Kwa mapokeo ya kanisa hapo ndipo palikuwa na mti wa kuchapia, ambapo watu walifungwa na kupigwa viboko ili wanunuzi wajue nani ana nguvu za kustahimili. Nilisimama mbele ya duara hilo muda mrefu kabla ya ibada. Wajenzi wangeweza kuiweka madhabahu popote katika uwanja ule. Wangeweza kupachagua mahali pasipo na kilio, wakapajengea ukuta pale penye damu. Walichagua hapo hapo, na tangu siku ile mkate na divai ya mwili uliopigwa huwekwa palepale palipopigwa miili.

Nimeishi miezi kumi na minne nikidhani tumaini la Kikristo ni mahali pengine, chumba kingine, ambacho ningeingia siku nikifanikiwa kutoka katika chumba kile alichofia. Kwa sababu sikuweza kutoka, nilihesabu kwamba sina imani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba madhabahu inaweza kuja chumbani. Ninaandika hili kwa uangalifu, maana sitaki mtu adhani ninasema mateso yale yalikuwa mema. Kiboko hakiwi chema kwa kuwa kanisa limejengwa juu yake, wala saratani haiwi baraka. Ninasema tu kwamba mahali pabaya kuliko pote Mungu hakupaona kuwa pabaya mno kwa yeye kukaa.

Kwenye nguzo mojawapo kumetundikwa msalaba mdogo wa mti. Nilipomweleza mama kwamba mti huo umetoka Chitambo, katika mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, alisimama akaushika mkono wangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Basi ulifuata," alisema. "Moyo waliuacha, na mti wake ukafuata."

Ibada ilianza saa sita mchana. Saa ileile misikiti ya jirani ilikuwa ikiita watu kwenye sala ya Ijumaa, na adhana zikaingia madirishani juu ya masomo yetu, lakini hakuna aliyeonekana kukerwa. Saa tisa ikafika kilio cha msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Maneno haya nilikuwa nimeyasema peke yangu mara nyingi, usiku, nikiona haya kwamba ni maneno ya mtu aliyeanguka. Leo nimeyasikia yakisomwa na kanisa zima likiwa limesimama kwa heshima.

Jua lilipozama mwenye nyumba alitugongea mlango: alikuwa ametuandalia mhogo wa nazi, tende na uji. Tulifuturu naye, sisi wa Ijumaa Kuu na yeye wa Ramadhani kumi na nane. Alipojua sababu ya safari yetu alimwambia mama, "Pole, bi mkubwa. Nami nimezika mmoja." Hakuongeza neno, na mama hakuuliza.

Jumamosi Kuu, 30 Machi. Mbweni na Mkunazini

Asubuhi tumekwenda Mbweni kwa daladala. UMCA ilinunua shamba huko mwaka 1871 na kuwaweka watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Magofu ya shule ya wasichana yamebaki, majani yameota madirishani. Nilimsimulia mama habari za Cecil Majaliwa, mtoto aliyetolewa utumwani akalelewa na misheni hapa Unguja, akawa kasisi mwaka 1890. Mama alilipenda jina hilo, akalirudia mara kadhaa akitembea.

Siku iliyobaki tumekaa tu. Hii ndiyo siku ninayoijua kuliko zote za Juma Kuu. Wanafunzi hawakujua kwamba ni siku ya katikati. Kwao ilikuwa siku ya baada, na zilizokuja zingekuwa hivyo hivyo. Injili hazisemi walifanya nini isipokuwa kwamba wanawake walipumzika kama ilivyoamriwa. Ninashukuru kwamba hata kutofanya kitu kumeandikwa.

Usiku tumekusanyika nje ya kanisa gizani. Moto umewashwa, mshumaa wa Pasaka ukawashwa kwa moto huo, na tukaingia kanisani tukiufuata, kila mtu akipokea mwanga kwa mwenzake. Nilipowasha mshumaa wa mama kwa wangu, alifungua mkoba akatoa kitabu cha nyimbo chenye jalada lililoshonwa kwa uzi mweusi.

Nilikifahamu mara moja. Nilikuwa nimempa mama baada ya mazishi, kwa kuwa sikuweza kukiona mezani. Alikuwa nacho tangu Muheza, siku saba, na hakukitaja. Mke wangu alikuwa na tabia ya kuweka alama ndogo ya penseli kila mahali anapovuta pumzi, mkia mdogo juu ya mstari, kwa sababu mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mkali kwa wanaokata neno katikati. Nilifungua wimbo uliotangazwa, na alama zote zilikuwapo, nyingine zimefutwa na kusogezwa neno moja mbele.

Mstari wa kwanza nilisoma tu. Wa pili nikaanza kuimba. Sauti ilitoka imekwaruza, chini ya sauti za watu, lakini ilitoka. Na kila nilipofika kwenye alama yake nilivuta pumzi pale alipovuta yeye.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi. Mkunazini

Kanisa lilijaa asubuhi. Nimeketi benchi la nne kutoka mbele, kando ya mama.

Jioni barazani aliniomba nimsomee, macho yake hayaoni vizuri taa zikiwa hafifu, nikamsomea Yohana sura ya 20 kuanzia mwanzo. Nilipofika mahali ambapo Petro anaviona vitambaa vya kitani vimelala kaburini, na baadaye mahali ambapo Yesu anawaonyesha wanafunzi mikono yake na ubavu wake, alinisimamisha. "Rudia hapo baba." Nikarudia. Akasema, "Sanda aliiacha kaburini. Makovu alitoka nayo." Kisha akaniambia niendelee kusoma.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili. Dar es Salaam na njiani

Tumeagana stendi ya Magufuli, Mbezi. Basi lake la Tanga lilikuwa la kwanza kuondoka. Nilimpandishia mkoba, nikakitoa kitabu cha nyimbo mfukoni, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alikirudisha. "Hiki si cha kutunzwa kabatini Muheza," alisema. "Mazoezi ya kwaya yenu ni lini?"

"Alhamisi jioni, mama."

"Haya. Wasalimu."

Sasa niko ndani ya basi, tumepita Mlandizi, na mvua imeanza tena. Nimekuwa nikikipekua kitabu kurasa kwa kurasa. Nyimbo za mwisho, zile ambazo kwaya ilijifunza alipokuwa tayari kitandani, hazina alama hata moja. Nimeazima penseli kwa mwanafunzi aliyeketi kando yangu, na ninaimba kimoyomoyo wimbo wa kwanza kati ya hizo, ili nijue ni wapi pumzi inakatika.